Kabla hujatoa laki tano ya kutengenezewa apu



Kuna swali linakuja inboksi karibu kila wiki, na linakuja kwa mtindo uleule: "Dada, nataka apu ya biashara yangu. Fundi mmoja anasema laki tano, mwingine laki nane. Nimpe nani?"

Mimi nasema kwa sasa usimpe yeyote. Laki tano kwa muuzaji mdogo siyo hela ya majaribio. Ni mikoba arobaini ya elfu kumi na mbili kutoka Kariakoo, na elfu ishirini ya nauli ya mzigo inabaki. Mikoba arobaini inakulipa kodi ya fremu. Apu ambayo haijapakuliwa na mtu hailipi hata bando.

Sisemi mafundi ni matapeli. Wapo wazuri, na kazi yao ni ngumu. Shida yangu ipo kwenye aina ya apu tunayoagiza. Wengi tunataka apu yenye jina letu, yenye logo, mteja aipakue, achague bidhaa, abonyeze, alipe. Inapendeza kuisema mbele za watu. Lakini hebu mfikirie mteja wako mwenyewe, yule wa Usevya au wa Inyonga. Simu yake memori imejaa picha za watoto. Bando lake ni la WhatsApp na Facebook. Ameona mkoba wako kwenye status, atakuuliza "bei?" hata kama bei umeiandika kwa herufi kubwa, utamjibu, atakwambia "punguza", mtaelewana, atatuma kwenye lipa namba. Mtu huyu haachi hiyo njia aende Play Store kupakua apu yenye mikoba kumi na minne. Kwa bidhaa ngapi hasa?

Na hata kuifikisha hiyo apu Play Store siyo kubonyeza tu. Google wanatoza dola 25 kufungua akaunti ya mtengenezaji, unalipa mara moja. Na kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, wanataka kwanza upate watu wasiopungua 12 waijaribu apu yako kwa siku 14 mfululizo ndipo uombe kuiweka hadharani. Kabla ya Desemba 2024 walikuwa wanataka watu 20. Kwa wenye ndoto ya iPhone, Apple wanataka dola 99, na hizo ni kila mwaka. Muulize fundi wako kama hayo yamo kwenye laki tano yake, na muulize akaunti itafunguliwa kwa jina la nani. Hilo la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Apu ikikaa kwenye akaunti ya fundi, siku mkigombana duka limebaki kwake.

Sasa, msimamo wangu: apu inayomsaidia muuzaji mdogo ni ile anayoifungua yeye mwenyewe, mteja asiijue kabisa. Inakwambia mzigo gani umebaki, nani anadaiwa, nani amelipa nusu, na faida halisi ya wiki ni shilingi ngapi. Hiyo unaweza kujitengenezea kwa simu yako, bila fundi, bila kuandika kodi hata mstari mmoja. (Kodi hapa siyo ile ya TRA. Ni yale maandishi ambayo mafundi huandika ili kompyuta ifanye kazi. Ile ya TRA bado unalipa.)

Mtu akitafuta zana za kutengeneza apu bila kuandika kodi, anaambiwa yaleyale majina makubwa: Bubble, Adalo, Glide, FlutterFlow. Ni zana nzuri, watu wanajenga vitu vikubwa huko. Lakini wengi wa wanaozisifia wana intaneti isiyokatika na kadi ya benki ya kulipia dola kila mwezi. Mimi niko Majimoto. Mtandao ukiwa mzuri asubuhi hauna maana kwamba utakuwa mzuri mchana, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Umeme nao una siku zake. Kwa hiyo kabla sijaipenda zana yoyote naiuliza maswali matatu. Inafanya kazi mtandao ukikata? Naweza kutoa taarifa zangu zote nikaondoka nazo? Ninaweza kuitumia mwaka mzima bila kulipa, au nikilipa, ni kwa kiasi ambacho duka langu linakiona? Majina mengi makubwa yanaanguka kwenye swali la kwanza.

Na usidhani hilo la kufanya kazi bila mtandao ni jambo geni hapa kwetu. Sensa ya Agosti 2022 makarani walikuja na vishikwambi, wakatuhoji uani, wakajaza kila kitu kwenye programu. (Vile vishikwambi baadaye viligawiwa kwa walimu.) Kabla ya hapo, vijana wa mradi wa Ramani Huria walizunguka mitaa ya Dar es Salaam inayofurika maji, wakirekodi mitaro kwa simu, na moja ya zana zao ilikuwa ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanzania nao wametumia CommCare kwenye ziara za mama wajawazito miaka mingi, wakati sisi wauzaji hatujawahi kuisikia. Zana hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeko kijijini, simu ya bei ndogo, mtandao wa kubahatisha. Yaani sisi kabisa. Ila zinalenga mashirika na miradi, na ukizilazimisha ziendeshe duka utatoka jasho. Nimezitaja ili ujue kwamba kazi ya namna hii imeshafanyika mazingira yetu.

Twende kwa zinazofaa duka.

Ya kwanza, na ndiyo nitaisema sana, inaitwa Memento Database. Ipo Play Store. Sijui kwa nini wauzaji hawaizungumzii, labda kwa sababu haina mbwembwe. Ukiifungua mara ya kwanza ni tupu, hakuna kitu, na hapo ndipo watu wengi huifuta. Usiifute. Utupu wake ndio uzuri wake, kwa sababu wewe ndiye unaamua ndani kuwe na nini. Menyu ni za Kiingereza, lakini majina ya sehemu zote unaandika kwa Kiswahili chako, hata kwa Kisukuma ukitaka.

Ndani yake unatengeneza madaftari. Wao wanayaita maktaba, mimi naita madaftari kwa sababu ndivyo yalivyo. Kila daftari unaliwekea sehemu za kujaza, na kila sehemu unachagua ni ya aina gani: maandishi, namba, tarehe, picha, au hesabu inayojipiga yenyewe. Mimi nashauri uanze na madaftari matatu tu. Bidhaa, Wateja, Mauzo.

Kwenye Bidhaa weka jina, picha, saizi au rangi, bei uliyonunulia, nauli kwa kila kimoja, mfuko wa kufungia, na bei ya kuuza. Halafu weka sehemu ya hesabu inayotoa faida. Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua mkoba wa elfu 12 wa Kariakoo. Unauza elfu 18. Ukimuuliza muuzaji faida yake atakwambia elfu 6, haraka haraka, bila kufikiri. Sasa weka nauli. Mzigo wa mikoba kumi umetumwa kwa basi kutoka Dar mpaka Mpanda, kisha kutoka Mpanda ukapita Sitalike, ukakatiza hifadhi ya Katavi, Kibaoni, mpaka huku. Tuseme safari nzima imekula elfu 15. Kila mkoba umebeba 1,500. Mfuko wa kufungia na utepe, 300. Gharama yako siyo 12,000 tena, ni 13,800. Faida ni 4,200. Mteja akikuomba umpunguzie elfu 2 ukakubali huku unacheka, umebaki na 2,200, na hapo hujaweka hela ya kutoa kwa wakala, wala ya boda aliyekimbiza mzigo stendi. Kwenye daftari la karatasi hesabu hii unaweza kuifanya, ndiyo. Lakini hutaifanya mteja akiwa amesimama mbele yako anasema "basi niwekee kumi na sita". Simu inaifanya. Unafungua bidhaa, unaona namba, unajua mwisho wako uko wapi.

Daftari la Wateja ni jina, namba ya simu, anakokaa, na jinsi anavyopenda mzigo umfikie. Basi.

La Mauzo ndilo linaunganisha. Memento ina kitu kizuri ambacho karatasi haina: unaweza kufunga daftari moja kwa jingine. Ukiandika mauzo, huandiki tena jina la mkoba na jina la mama. Unachagua bidhaa kutoka daftari la Bidhaa na mteja kutoka daftari la Wateja. Halafu unajaza tarehe, bei mliyokubaliana, alicholipa, na hesabu ya baki inajitokeza. Kisha ongeza sehemu moja ambayo hutaikuta kwenye apu yoyote ya kununua kutoka nje: "Atalipa lini", na uchaguzi mmojawapo uwe "Baada ya mavuno".

Wa huku wananielewa. Mpimbwe yote inakula na kuvaa kwa mpunga. Februari mama anachukua vitenge viwili, hela hana, na siyo kwamba ni mkorofi, shamba ndiyo linapaliliwa. Atalipa mpunga ukivunwa na ukiuzwa. Ukikataa, hujauza kitu miezi mitano. Ukikubali, unakuwa na watu thelathini wenye baki za elfu tano, elfu nane, elfu kumi na mbili, kila mmoja na makubaliano yake, mwingine amesema atalipa kwa debe la mchele. Wakati wa mavuno ukifika hela inaingia kijijini kwa wiki chache tu, na inaisha haraka: ada, sare, harusi, bati. Anayefika wa kwanza na namba sahihi analipwa. Anayekuja na "mama, nadhani nakudai kama elfu kumi hivi" anaambiwa aende akaangalie vizuri. Kwenye Memento unachuja mauzo yote yenye baki na yaliyoandikwa "Baada ya mavuno", unayapanga kwa kijiji, na orodha yako ya kupita Mamba, Usevya na Kibaoni ipo tayari, na jumla chini. Hiyo kazi ukimwambia fundi akutengenezee kwenye apu ya laki tano atakuuliza mavuno ni nini. Siyo kosa lake, yuko mjini.

Swali la kwanza, mtandao: taarifa zinakaa kwenye simu yako, mtandao ukatike usikatike unauza. La pili, kuondoka nazo: unatoa faili la CSV, lile linalofunguka kwenye Excel, unajitumia kwenye imeili yako. Fanya hivyo kila Jumapili jioni, kwa sababu simu inaibiwa na simu inaanguka kwenye ndoo ya maji. La tatu, malipo: kuanza ni bure, na mambo ya ziada, hasa ya kuhifadhi na kushirikiana mtandaoni, ndiyo ya kulipia. Muuzaji wa peke yake anaweza kukaa muda mrefu kabla hajayahitaji.

Udhaifu wake ni kwamba, ukiitumia bila hayo ya mtandaoni, ni ya mtu mmoja na simu moja. Ukiwa na mdogo wako anauza dukani na wewe uko mnadani, mnahitaji kuona kitu kimoja. Hapo ndipo ninapoielekeza AppSheet.

AppSheet ni ya Google. Waliinunua Januari 2020. Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi kuielewa kama unajua jedwali la Google Sheets. Unatengeneza jedwali la kawaida, safu ya bidhaa, safu ya bei, safu ya idadi. AppSheet inalisoma hilo jedwali na kuligeuza kuwa apu yenye vitufe, picha na fomu. Mdogo wako anapakua AppSheet kwenye simu yake, unamwalika kwa imeili, anaiona apu yenu ndani. Akiuza, namba inaingia kwenye jedwali. Mtandao ukikata anaendelea kujaza, ukirudi inapeleka yaliyokuwa yamesubiri. Na taarifa zako ziko kwenye jedwali lako, kwenye akaunti yako, hata AppSheet ikifungwa kesho jedwali linabaki.

Bure yake ni kwa kujenga na kujaribu, mpaka watumiaji 10. Ukiipeleka rasmi wanatoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, bei za chini nilizoziona zinaanzia dola 5. Kwa duka la watu wawili piga hesabu mwenyewe. Jambo jingine, kuijenga kwa simu ni mateso, vitufe vidogo, unapekua mpaka macho yanauma. Tafuta kompyuta siku moja, hata ya stationery ya Mpanda mjini, lipia masaa matatu, ingia kwenye akaunti yako, jenga, kisha utoke kabisa kwenye akaunti kabla hujanyanyuka. Narudia: utoke. Kompyuta za stationery zinakumbuka kila mtu.

Angalizo la AppSheet: ninyi wawili mkiuza mkoba wa mwisho kwa wakati mmoja huku wote hamna mtandao, itawakubalia wote. Hakuna apu inayotibu hilo. Pigianeni simu.

Ya tatu ni App Inventor, na hii ni kwa mtu mwenye udadisi. Google waliitoa mwaka 2010, baadaye ikahamia chuo cha MIT cha Marekani, na mpaka leo ni bure. Unajenga kwa kupachika vipande vya rangi kama watoto wanavyopachika matofali ya plastiki: "kitufe kikibonyezwa", "chukua namba hii", "zidisha na hii", "onyesha". Mwisho unapata apu halisi ya kuweka kwenye simu na kumrushia mwenzako kwa WhatsApp, Play Store haihusiki. Wengi wanadhani hiyo ni ya waliosoma sana. Mwaka 2017 wasichana watano wa sekondari kutoka Kisumu, Kenya, waliojiita The Restorers, walifika mpaka Marekani kwenye shindano la Technovation na apu yao ya i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Shindano hilo limefundisha maelfu ya mabinti kwa zana za namna hii ya vipande. Kwa duka, mimi naona inafaa kwa vitu vidogo vya kuhesabu: anayeuza kitenge kwa yadi, anayekata kapeti kwa mita, anayegawa nauli ya mzigo mmoja kwa bidhaa ishirini za bei tofauti. Kuendesha duka zima nayo, hapana. Utaishia kuwa fundi badala ya muuzaji.

Na kuna Loyverse. Hii hujengi, imeshajengwa: ni mashine ya kuuzia kwenye simu, unaweka bidhaa zako unaanza kuuza, na mauzo inayapokea hata bila mtandao. Mwenye duka la rejareja la kawaida, anayeuza sabuni na sukari taslimu, aende huko moja kwa moja asijisumbue na mengine yote niliyoandika. Sisi wa oda, wa nusu malipo na wa "mpaka mavuno" ndio tunaohitaji kujishonea.

Kuna mtu atasema, kwa nini niamini apu ya mtu wa Ulaya ambayo inaweza kufungwa? Ni swali la haki, na majibu ya "haiwezi kutokea" ni uongo. Imetokea. Google hao hao walikuwa na zana ya kujenga apu inaitwa App Maker, wakaizima Januari 2021. Waliokuwa wamejenga humo wakatakiwa kuhama. Na kule London kulikuwa na kampuni ya Builder.ai, iliyokuwa ikijinadi kwamba kutengeneza apu kutakuwa rahisi kama kuagiza piza. Microsoft waliweka hela zao humo mwaka 2023. Mei 2025 kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Fikiria wewe na duka lako uko humo ndani. Ndiyo maana swali langu la pili, la kutoa taarifa na kuondoka nazo, silisamehe kwa zana yoyote hata iwe nzuri vipi. Kabla hujaingiza bidhaa ya kumi, jaribu kwanza kuzitoa zile tisa. Zikitoka zikafunguka kwenye Excel, endelea. Zikigoma, ifute hapohapo, hujapoteza kitu.

Na sasa hivi kuna hizi akili bandia, unaiandikia kwa maneno "nitengenezee apu ya duka la viatu" inakutolea apu. Nimeona zinavyofanya, zinashangaza kweli. Mimi bado naziweka pembeni kwa kazi ya kutunza madeni, kwa sababu hesabu ikikosewa humo ndani wewe huna pa kuiona. Memento kanuni ya faida umeiandika mwenyewe, unaifungua unaiona: bei ya kuuza, toa bei ya kununua, toa nauli, toa mfuko. Ikikosea unajua kidole kimekosea wapi. Zitumie kukuelekeza, "nifundishe kuunganisha madaftari mawili kwenye Memento", hapo zinasaidia na Kiswahili zinakielewa.

Wazee wa daftari la karatasi najua mpo, na siwabezi. Daftari halihitaji chaji. Kwa mwenye wateja kumi anaowajua kwa majina ya watoto wao, daftari linatosha na hahitaji kusoma mpaka hapa. Lakini daftari halichuji, halijumlishi, na likilowa limelowa. Na jambo moja nimeligundua kwa wauzaji wengi: daftari tunaliandika vizuri Januari, Machi linakuwa na namba zisizo na majina. Simu inakulazimisha. Ukiweka sehemu ya mteja kuwa ya lazima, haikubali kuhifadhi mauzo bila jina.

Kitu kimoja kabla sijaishia, na hiki nakisema kwa ukali kidogo. Ukishakuwa na majina, namba za simu na madeni ya watu kwenye simu yako, umebeba siri za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Hata kama sheria isingekuwepo, mambo ya kumbandika mdaiwa kwenye status na picha yake, "huyu mama ni tapeli, anadaiwa elfu nane", ni mambo ya hovyo. Elfu nane! Unamvua mtu nguo kijijini kwake, halafu mwezi ujao unataka ndugu zake wanunue kwako. Weka nywila kwenye simu, usiandike namba ya NIDA ya mteja kama huihitaji, na madeni yake yabaki baina yenu. Ukidai, dai kwa simu au kwa kwenda.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: usiingize duka zima. Ingiza bidhaa kumi zinazotoka sana na wadaiwa wako wote. Wadaiwa kwanza, kwa sababu hizo ndizo hela ambazo tayari ni zako. Uza nayo siku saba sambamba na daftari lako, Jumapili linganisha jumla za pande zote mbili. Zikilingana, endelea kuongeza bidhaa kidogo kidogo.

Kesho jioni, mtandao ukiruhusu, nitaweka picha za madaftari yangu matatu jinsi nilivyopanga sehemu zake, nimefuta majina ya wateja. Anayetaka nimtumie mpangilio mtupu autumie kwake aandike MAVUNO hapo chini, na aseme anauza nini, maana wa viatu na wa vipodozi sehemu za kujaza zinatofautiana: viatu vinataka saizi, vipodozi vinataka tarehe ya kuisha.